Ampli ya Kwaya Yetu: Mzigo Mmoja Uliogawanywa

Mtaguso wa Vatikano wa Pili, katika hati juu ya Liturjia ya tarehe 4 Desemba 1963, ulikubali vyombo vingine vya muziki kanisani, mradi maaskofu wa eneo waridhie na vistahili mahali patakatifu. Ndivyo gitari la umeme lilivyoingia katika jimbo letu, liitwalo Butembo-Beni tangu 1967.

Lakini ampli yetu ya lampe, iliyonunuliwa kwa matoleo ya wakulima wa kahawa, ilikuwa nzito mno: transfoma za chuma na shaba, tena sumaku ya kipaza sauti. Kutoka Butembo hadi Beni, zaidi ya kilometa 50, kamioni iliitikisa. Milimani chukudu haikuiweza. Vijiji vya mbali vilibaki bila gitari.

Wazee waliogopa kuikata. Hata hivyo fundi aligawa sanduku: mashine huku, kipaza sauti kule, waya katikati. Alituonya tusiiwashe kamwe kabla ya kuunganisha waya ule, transfoma isiungue. Tangu hapo mabega ya watu wawili yalitosha, na vijijini waliimba nasi. Tuwashukuru wabebaji hao katika Yubile hii; mzigo uliogawanywa hufika.