Muvi Kwenye Kadi: Safari ya Video Kabla ya Bando na Baada Yake

Kibao cha mbao kimeegemezwa kwenye nguzo ya umeme, maandishi yake yamechorwa kwa rangi nyekundu: tunaingiza nyimbo na muvi kwenye simu, memori kadi na flashi. Ndani kuna meza, kompyuta iliyovuliwa ubavu mmoja ili ipate hewa, na kijana ambaye vidole vyake vinajua kila faili lilipo. Mteja anafungua mfuniko wa simu, anatoa betri, anachomoa kadi ndogo kama ukucha. "Kaka, niwekee za kivita, ila ziwe zimetafsiriwa." Baada ya muda kadi inarudi mahali pake ikiwa na muvi nne, na hakuna hata megabaiti moja iliyopita kwenye mnara wa simu.

Maduka ya namna hii yalienea katika miji ya Afrika Mashariki simu zenye memori kadi zilipoanza kuwa za kila mtu. Historia ya mawasiliano huyaruka. Huhesabu minara, nyaya na leseni, kisha husema watu "waliunganishwa". Lakini kwa upande wa video, kuunganishwa kulikuwa na kikomo siku zote. Kwanza kikomo kilikuwa kasi, kisha kikawa bei, kisha kikawa saa za bando. Katika kila hatua, sehemu kubwa ya kazi ambayo mtandao haukuiweza ilifanywa na mikono ya watu.

Mazoea hayo yana umri mkubwa kuliko simu ya mkononi. Zanzibar ilipata televisheni ya rangi mwaka 1973, lakini Tanzania Bara ilikaa bila kituo cha televisheni mpaka mwaka 1994, vilipoanza vituo vya watu binafsi, ITV kikiwa kimojawapo. Kanda za video zilikuwa zimeshatangulia. Aliyekuwa na deki na seti aligeuza sebule au banda kuwa ukumbi: mabenchi, kiingilio mlangoni, filamu za Hong Kong, India na Marekani. Watu waliviita vibanda vya video, na baadaye vibanda umiza.

Ndani ya vibanda hivyo ndipo ilipokomaa sanaa ya kutafsiri filamu kwa sauti. Uganda watafsiri hao waliitwa ma-VJ. Dar es Salaam jina kubwa lilikuwa Lufufu, yaani Derek Gaspar Mukandala, na Kenya mashabiki walimfuata DJ Afro. Mtafsiri alieleza, aliongeza chumvi, aliwapa wahusika majina ya mtaani, na filamu ya kigeni ikawa hadithi ya nyumbani. Kanda ilipopisha VCD, na VCD ikapisha flashi, sauti hizo zilihama nazo. Ndiyo maana mteja wa memori kadi alitaja kwanza "iliyotafsiriwa" kabla ya kutaja jina la filamu.

Intaneti wakati huo ilipita angani. Mpaka mwaka 2009 pwani ya Afrika Mashariki haikuwa na waya wa faiba wa chini ya bahari wa kuiunganisha na dunia, hivyo mawasiliano yalipandishwa kwenye setilaiti iliyo karibu kilomita 36,000 juu ya ikweta, kisha yakateremshwa Ulaya au Marekani. Kwenda na kurudi kulichukua zaidi ya nusu sekunde hata kama hapakuwa na foleni, na foleni ilikuwepo. Nafasi kwenye setilaiti ilikuwa ghali mno. Kutazama video ya dakika tatu kwenye intaneti kafe kulimaanisha kuisimamisha mwanzoni, kuacha mstari wa kijivu ujaze polepole, na kulipia dakika zote za kusubiri.

Kenya ina kisa kinachoonyesha uzito wa hali hiyo. Mwishoni mwa mwaka 2000 kampuni za intaneti zilifungua Nairobi kituo cha kubadilishana mawasiliano, KIXP, ili ujumbe wa kutoka mtaa mmoja kwenda mtaa wa pili usilazimike kuvuka bahari. Telkom Kenya, iliyokuwa na haki ya pekee ya njia za kimataifa, ililalamika, na mamlaka ya mawasiliano ikakifunga baada ya majuma machache tu. Kilifunguliwa tena Februari 2002, kikiwa na leseni. Kwa kipindi chote hicho, barua pepe kutoka ofisi moja ya Nairobi iliweza kuzunguka bara jingine kabla ya kufika ofisi ya jirani. Video ingepita wapi?

Ilipita hewani pia, lakini hewa ya chumba kimoja. Simu zenye kamera na Bluetooth zilileta faili za 3GP, ambazo picha yake mara nyingi ilikuwa na nukta 176 kwa 144, ndogo kuliko stempu ya posta ukiiweka kwenye skrini ya leo. Video ya muziki ilibanwa mpaka nyuso zikawa vivuli, ila iliingia ndani ya megabaiti chache. Wanafunzi waliweka simu mbili juu ya dawati moja, wakasema "nirushie", wakangoja asilimia zipande. Anayeondoka kabla ya mia moja aliharibu kazi. Baadaye programu kama Xender zilifanya vivyo hivyo kwa kasi kubwa zaidi, simu moja ikijifanya mnara wa nyingine.

Julai 2009 waya wa SEACOM ulianza kazi, ukitia nanga Mombasa na Dar es Salaam. Mwezi mmoja kabla yake waya wa TEAMS, uliotandazwa kutoka Fujairah katika Falme za Kiarabu, ulikuwa umefika Mombasa. Mwaka 2010 EASSy ikafuata, ikipita kandokando ya pwani kutoka Sudan mpaka Afrika Kusini. Mwaka 2011 Google iliweka Kenya mashine za kuhifadhi nakala za video zinazotazamwa sana, hivyo mtu wa kwanza akishaivuta video kutoka ng'ambo, wa pili aliipata hapo hapo nchini. Bahari ilikuwa imefunguka.

Kikomo kikahama kutoka baharini kwenda mfukoni. Mnara wa simu una kiasi maalumu cha masafa, na wote waliounganishwa nao hugawana. Maandishi hayasumbui, lakini watu ishirini wanaotazama mechi kwa pamoja hula sehemu kubwa ya mnara huo. Programu za video hujihami kwa kukata filamu vipande vya sekunde chache, kila kipande kikiwa na nakala za ubora tofauti, na simu huomba ile inayolingana na kasi iliyopo. Ule ukungu wa sekunde za mwanzo, kabla uso wa mwimbaji haujang'aa, ni simu ikipima njia. Makampuni ya simu nayo yaliuza njia hiyo kwa vipimo: siku, wiki, mwezi, MB, GB. Neno bando likaingia katika Kiswahili cha kila siku, na likawa na vitenzi vyake: kujiunga, kuisha, kukata.

Netflix, iliyofika Kenya na nchi nyingine zaidi ya mia moja Januari 2016, inaeleza kwamba saa moja ya filamu kwa ubora wa kawaida inaweza kula hadi GB 1, na kwa ubora wa juu hadi GB 3. Kwa mtu anayenunua bando la siku, saa moja ya filamu ilikuwa hesabu nzito. Ndipo likazaliwa kabila la watu wa usiku. Mabando ya bei nafuu yaliyofunguka saa sita usiku na kufungwa kabla ya mapambazuko yaliwafanya wanafunzi wa vyuo watege kengele za saa, washushe mihadhara, tamthiliya na muziki gizani, na asubuhi wawagawie wenzao. Aliyekesha akawa duka la bweni.

Mitandao mikubwa ilisoma tabia hizo. WhatsApp iliweka kikomo cha megabaiti 16 kwa video, na status zake zilizoanza mwaka 2017 zikakubali sekunde 30 tu. Hotuba ya dakika tano ikakatwa vipande kumi, na watazamaji wakazoea kungoja sentensi imalizikie kwenye kipande kinachofuata. YouTube Go, iliyofikishwa katika nchi zaidi ya 130 mwaka 2018, ilimwonyesha mtu ukubwa wa video kwa MB kabla hajaishusha, na ikamruhusu kuihamisha kwa simu ya jirani bila bando. Muuza muvi wa mtaani alikuwa akifanya hivyo kwa miaka. Programu hiyo ilifungwa Agosti 2022. Kenya, Netflix ilijaribu mpango wa bure wa simu kuanzia Septemba 2021, ikausitisha Novemba 2023.

Serikali nazo ziligusa bomba la data. Uganda ilitoza shilingi 200 kwa siku kwa anayetumia mitandao ya kijamii kuanzia Julai 2018, na Julai 2021 ikabadili na kutoza asilimia 12 juu ya data yenyewe. Tanzania, Ijumaa Kuu ya tarehe 2 Aprili 2021, watu waliamka wakakuta mabando yamebadilika: pesa ile ile, MB kiduchu. Kelele zilikuwa kubwa kiasi kwamba siku hiyo hiyo serikali iliagiza bei za awali zirudishwe. Ni bidhaa chache zinazoweza kuwatikisa watu wa rika zote kwa asubuhi moja, na data ilikuwa imeshajiunga na unga na nauli.

Kuna walioumia katika safari hii, na haki inadai watajwe. Duka la memori kadi halikuchagua kati ya filamu ya Hong Kong na ya Kitanzania. Filamu iliyotoka Jumatatu kwa jasho la waigizaji wa Sinza au Kinondoni iliweza kuwa kwenye flashi Jumanne, bila senti kumrudia mtunzi. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 ilikuwepo, na COSOTA, chombo cha hakimiliki cha Tanzania, ilikuwepo. Lakini njia halali ya kumfikishia mtazamaji wa kawaida filamu kwa bei anayoimudu ilichelewa, na msanii akalipia ucheleweshaji huo kwa mfuko wake.

Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024, nyaya za EASSy na SEACOM zilikatika karibu na pwani ya Afrika Kusini. Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi zilizoumia zaidi. Bando lilikuwepo, minara ilisimama, lakini picha hazikufunguka na video zilibaki kiduara kinachozunguka juu ya skrini nyeusi, mpaka mawasiliano yalipopelekwa kwa njia nyingine na meli ya matengenezo ikaifikia sehemu iliyokatika. Mwenye flashi iliyojaa aliichomeka nyuma ya televisheni, akachagua faili, na sauti ya mtafsiri ikaanza kumtambulisha steringi.