Laptopu ya Linux inakubali pasiwedi halafu inakurudisha pale pale

Leo nawaletea tatizo lililonitoa jasho mwaka 2019, na bado naliona kwa washkaji wenye Linux kwenye laptopu za mtumba. Unawasha mashine, unaandika pasiwedi, skrini inakuwa nyeusi kidogo, halafu unarudishwa kwenye pasiwedi. Unaandika tena, hivyo hivyo.

Yangu ilikuwa na Xubuntu 18.04, na ndani mlikuwa na CV na barua za watu walionilipa niwachapie. Nakala sikuwa nayo hata moja. Fundi mmoja akasema dawa ni kufuta kila kitu apige Windows. Nikamwambia asante, nikabeba laptopu yangu nikaenda kukaa kafe.

Kwanza elewa hivi: pasiwedi ingekuwa mbovu ungeambiwa umekosea. Skrini ikizima na kurudi maana yake mlangoni umekubaliwa, ila kuna kitu kinakwama ndani. Mara nyingi ni ile sehemu inayochora madirisha. Inahitaji kafaili kadogo kaliko fichwa kwenye folda yako, kanaitwa .Xauthority, ni kama kitambulisho. Kasipoandikika, unatolewa nje. Mafaili yako hayajaguswa, kwa hiyo usikubali kufutiwa.

Ukiwa hapo hapo kwenye pasiwedi bonyeza Ctrl+Alt+F3. Itakuja skrini nyeusi ya maandishi matupu. Andika jina lako la kuingilia, Enta, kisha pasiwedi (hata nyota hazionekani unapoandika, usiogope). Anza na hii:

df -h

Tazama mstari unaoishia na / na ule wa /home kama upo. Ikisoma 100% umempata mchawi, diski imejaa. Piga sudo apt clean kuondoa vifurushi vilivyobaki baada ya kuweka programu, na muvi mbili tatu uzifute kwa rm.

Kama nafasi ipo:

ls -la ~/.Xauthority

Yangu ilionyesha root root badala ya jina langu. Kosa langu mwenyewe, niliwahi kupiga sudo startx kwa kufuata maelekezo niliyosoma haraka haraka. Faili likawa mali ya root, mimi siruhusiwi. Dawa yake:

mv ~/.Xauthority ~/.Xauthority.zamani
sudo reboot

Ukiingia linatengenezwa jingine lenyewe.

Bado? Piga ls -ld /tmp. Inatakiwa ianze na drwxrwxrwt, kama sivyo andika sudo chmod 1777 /tmp. Na kama tatizo lilianza baada ya apdeti na una kadi ya NVIDIA, shuku draiva: sudo apt purge 'nvidia-*' kisha reboot, mashine itarudi kwenye draiva huria ya nouveau.

Wenye Ubuntu mpya ya GNOME inayotumia Wayland, hilo faili la .Xauthority msihangaike nalo. Nyie angalieni diski, kisha ~/.profile kama mliwahi kuichokonoa, maana mstari mmoja mbovu humo unatosha kukutoa nje.

Mimi CV zote nilizikuta, na jioni ile ile nikazihamishia kwenye flashi. Ambaye yake imegoma aandike hapo chini alichoonyeshwa na df na ls, neno kwa neno, tuangalie pamoja.