Mivinje na majongoo wa Bamburi

Watu wa pwani ya Kenya wamejengea mawe ya matumbawe tangu enzi za mababu, na chokaa ya kuyashikanisha waliichoma kutokana na mawe hayohayo. Ngome ya Fort Jesus, iliyoanza kujengwa mwaka 1593, imesimama juu ya mwamba huo. Mchonga mawe wa zamani, hata hivyo, alikata kadiri mikono yake ilivyomruhusu. Kiwanda cha saruji kilichoanza kuzalisha Bamburi, kaskazini mwa kisiwa cha Mombasa, mwaka 1954, kilikuja na baruti na mitambo, na mwamba uliojengwa na matumbawe zama za kale ukaanza kuingia tanurini mchana na usiku.

Baada ya miaka kumi na tano na ushei, palipokuwa na vichaka palibaki shimo. Udongo wote ulikuwa umeondolewa. Kilichobaki ni sakafu ya mwamba mweupe unaounguza nyayo wakati wa jua kali, na chini yake kidogo tu, maji yenye chumvi.

Wakati huo Kenya haikuwa na sheria kuu ya mazingira. Ilikuja kupitishwa mwaka 1999. Hata mkutano wa Umoja wa Mataifa wa Stockholm, uliozaa shirika la mazingira la UNEP, ulifanyika 1972. Kampuni ingeweza kuliacha shimo lile na kwenda kuchimba kwingine, wala pasingekuwa na wa kuishtaki. Badala yake, mwaka 1971 kazi ya kulifufua ilikabidhiwa René Haller, Mswisi aliyesomea bustani na kilimo cha nchi za joto, ambaye tangu 1959 alikuwa akisimamia bustani za kampuni hiyo.

Haller alijaribu aina 26 za miti. Nyingi zilinyauka. Zilizostahimili zilikuwa tatu tu, mnazi ukiwa mmojawapo, na mti uliobeba matumaini yote ulikuwa mvinje, ule ule unaovuma kwenye fukwe za pwani. Mvinje hauogopi chumvi, na vijidudu wanaoishi mizizini mwake huulisha naitrojeni kutoka hewani, kwa hiyo huota hata pasipo na rutuba.

Hapo likazuka tatizo jipya. Majani ya mvinje, membamba kama sindano, yalianguka na kurundikana bila kuoza, kwa kuwa yamejaa tanini. Msitu ulikuwepo, udongo haukuwepo. Dawa ilipatikana kwa jongoo mweusi mwenye miguu myekundu, anayejulikana na kila mtoto wa pwani. Haller alimwona akitafuna sindano hizo kavu, akaagiza majongoo kwa mamia wakusanywe na kuachiwa chini ya miti. Walikula, na kinyesi chao, chembe baada ya chembe, kikageuka mboji. Mbegu zilizoletwa na upepo na ndege zikapata pa kushika.

Kisha yakaja mabwawa ya samaki, ndege, kobe wakubwa na wanyama wa porini. Wageni walifunguliwa milango mwaka 1984; leo mahali hapo panaitwa Haller Park. Mwaka 1987 UNEP ilimtia Haller katika orodha yake ya heshima ya Global 500. Wengi ng'ambo walipafahamu kupitia kiboko mchanga Owen, aliyeokolewa Malindi wakati wa tsunami ya Desemba 2004, akaletwa hapo na kujiegemeza kwa kobe mzee aitwaye Mzee.

Hadithi ya kiboko ni tamu, lakini sifa kubwa inastahili kwenda kwa uamuzi ulioitangulia: kampuni ilimlipa mtaalamu wake mshahara, ikamwachia muda, na haikufunga mradi miti ilipokuwa ikifa. Wafanyabiashara wengi hukata tamaa katika hatua hiyohiyo.

Msitu huo haulipi deni lote. Saruji hupikwa kwa joto la nyuzi 1,450 hivi, na jiwe la chokaa linapoungua, lenyewe hutoa kaboni dioksaidi, hata kama kuni au makaa yangekuwa safi kiasi gani. Mivinje ya Bamburi iliponya kidonda cha ardhi. Hewa ni hesabu nyingine, na inapaswa kudaiwa kwa ukali uleule.

Desemba 2024 kundi la Amsons la Tanzania lilichukua umiliki wa kampuni ya saruji ya Bamburi. Limerithi matanuri, machimbo na msitu kwa pamoja, katika nchi ambayo sasa ina sheria inayoweza kumwita mwenye kiwanda mahakamani.