Liemba Isitudanganye: Meli Zilizozama Ziwani Ziachwe Majini

Tarehe 26 Julai 1916, karibu na mlango wa Mto Malagarasi, kusini mwa Kigoma, Wajerumani waliizamisha wenyewe Graf von Goetzen, meli kubwa kuliko zote katika Ziwa Tanganyika. Ilikuwa imeundwa Papenburg, ikafunguliwa vipande vipande na kupakiwa katika makasha yapatayo 5,000, ikaletwa Dar es Salaam na kupandishwa treni hadi Kigoma, ilikoundwa upya na kushushwa majini mwaka 1915. Waingereza waliiopoa mwaka 1924, wakakuta injini na boila zake bado zinafaa, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba. Anayeisoma historia hii juujuu huona kwamba maji baridi hayali chuma, na kwamba kila meli iliyolala chini ya maziwa yetu inangoja tu kamba ya kuivutia juu. Ushahidi wenyewe unasema vingine.

Graf von Goetzen ilizamishwa ili ije iibuliwe. Mafundi waliokuja nayo kutoka Ujerumani walizipaka injini girisi nzito, wakaishusha taratibu mahali pasipo na kina kirefu. Linganisha na Hedwig von Wissmann, iliyozama katika ziwa hilohilo tarehe 9 Februari mwaka huohuo kwa mizinga ya boti za Waingereza: ilikwenda chini ikiungua, bila mtu wa kuiandaa. Hata Liemba yenyewe haikutoka salama kwa mkupuo mmoja, kwani Wabelgiji waliiopoa kabla ya Waingereza, nayo ikazama tena. Iliyoiokoa ni akili ya mafundi na kazi iliyofuata ya kuitunza, na hayo hayapatikani kwa meli iliyozama kwa dhoruba au vita.

Kinachotokea pasipo maandalizi kilionekana Marekani. Merikebu ya matanga Alvin Clark ilizama mwaka 1864 katika ghuba ya Green Bay, Ziwa Michigan. Maji yale ni ya baridi kali, na hayana mdudu wa baharini atoboaye mbao, kwa hiyo ilipoopolewa mwaka 1969 mwili wake ulikuwa mzima kwa namna ya kustaajabisha. Lakini mbao zilizoshiba maji kwa karne nzima zilipokutana na hewa zilianza kukauka, kupasuka na kuoza, na fedha za kuzitibu hazikupatikana. Mwaka 1994 mabaki yake yalibomolewa. Ziwa liliitunza zaidi ya miaka mia moja. Nchi kavu iliimaliza ndani ya miaka 25.

Atakayepinga atasema kwamba meli isiyoonekana haimfundishi mtu, na kwamba ziwani nako hakuna usalama: nyavu hukwama, wauza vyuma chakavu huchungulia, na katika Maziwa Makuu ya Marekani kome wa kigeni wamegandamana juu ya mabaki mengi. Hoja hiyo ni ya kweli, ila inadai ulinzi, wala haidai kuopoa. Huko Thunder Bay, Ziwa Huron, eneo la hifadhi lilitengwa mwaka 2000. Meli zikabaki chini, wazamiaji wakaruhusiwa kuzitazama, na wasiozamia wakajengewa makumbusho katika mji wa Alpena. Isitoshe, baadhi ya mabaki ni makaburi. MV Bukoba, iliyozama Ziwa Victoria tarehe 21 Mei 1996 na kuua mamia ya watu, haiwezi kuhesabiwa kama chuma cha kuokotwa.

Kwa hiyo kazi inayotukabili ni ya kalamu na sheria kabla ya kreni: mabaki yatafutwe, yapigwe picha, yaandikwe kwenye ramani, na anayeyang'oa ashitakiwe. Wavuvi wanaojua nyavu zao hunasia wapi waulizwe kwanza. Liemba itunzwe kwa heshima yake yote, lakini isifanywe kisingizio cha kuziua nyingine kwa kuziokoa.