Kadenge wa Redio ya Guka

Nililijua jina la Kadenge kabla sijajua kwamba ni mtu. Kwetu Tetu, Nyeri, lilitumika kila siku kama jembe na debe. Mtoto akiponyoka jikoni na hindi la kuchoma, watu wazima walimpigia kelele: "Kadenge na mpira!" Mwanasiasa akikwepa swali barazani, ilikuwa hivyo hivyo.

Mwenye jina, mwanasoka Joe Kadenge, alizaliwa mwaka 1935 huko Vihiga, mbali na mlima wetu, na klabu iliyompa sifa ilikuwa Abaluhya, iliyoundwa mwaka 1964 kwa kuunganisha timu za Waluhya. Sisi tulikuwa na uwanja wa Ruring'u, ambako wapiganaji wa Mau Mau walikusanyika wakitoka msituni Desemba 1963. Timu kubwa ya kuujaza ndiyo hatukuwa nayo. Ligi ya taifa ilianza mwaka huo huo wa 1963, na hadi leo hakuna klabu ya Nyeri, Meru wala Embu iliyotwaa ubingwa. Mtu wa huku akitaka kushabikia, ilimbidi achague cha watu.

Marehemu Guka, babu yangu, alichagua Kadenge. Nasema Kadenge, wala si Abaluhya, kwa sababu ya klabu yenyewe hakujali sana.

Haya nimesimuliwa na baba yangu mdogo, kwani mimi nilizaliwa Kadenge akikaribia kuangika daluga. Siku ya mechi mawe ya redio yalianikwa juu ya mabati tangu asubuhi ili yapate nguvu kidogo. Alasiri majirani waliacha kuchuma kahawa wakaja kuketi kwenye magunia. Kazi ya baba mdogo, akiwa mvulana wa miaka tisa hivi, ilikuwa kushika waya wa antena ukutani. Alikatazwa kusogea. Anakumbuka siku siafu walipompanda miguuni naye akauma meno akatulia, maana sauti ingepotea na lawama zingekuwa zake.

Sauti yenyewe ilikuwa ya Leonard Mambo Mbotela wa Sauti ya Kenya, aliyetuaga Februari 2025. Hebu fikirieni: mzee Mgikuyu mwenye Kiswahili cha kubahatisha cha soko la Karatina, anamsikiliza mtangazaji mwenye asili ya Freretown, Mombasa, akimsifu mchezaji Mluhya. Klabu nyingi kubwa za Nairobi zilikuwa na jamii zao, zikishangiliwa kwa lugha zao. Redio ikawapa wote lugha moja, na katika lugha hiyo Kadenge hakuwa na kabila.

Halafu kuna jambo ambalo nimelifikiria sana. Chenga haionekani redioni. Msikilizaji anajua tu mpira uko kwa nani kwa jina linalotajwa. Jina likibadilika, mpira umehama. Basi Mbotela aliposema "Kadenge na mpira", akarudia, akarudia tena, jina likagoma kubadilika, yule aliyeketi kwenye gunia kule Tetu alielewa kwamba mtu mmoja anawapita wengine mmoja baada ya mwingine. Marudio yale ndiyo yaliyokuwa chenga. Baba mdogo anasema Guka alikuwa akihesabu kwa vidole.

Abaluhya ilitwaa ligi mwaka 1966 na 1967. Mwaka 1980, serikali ilipopiga marufuku majina ya kikabila, ikawa AFC Leopards, nao mashabiki wakaendelea kuiita Ingwe na kumhesabu Kadenge kuwa wao. Mwaka 2002 aliifunza timu ya taifa, Harambee Stars. Lakini uzeeni aliendesha teksi jijini Nairobi, na hilo linaniuma hadi leo. Jina lake lilikuwa mali ya kila kijiji, naye akisubiri abiria.

Mapenzi ya namna hii, yasiyouliza kabila, hayakufa na redio ile. Francis Kahata alilelewa kisoka Thika United, kisha mashabiki wa Gor Mahia wakampenda kama mtoto wa nyumbani. Nilipowaona wakimwimba, nilimkumbuka Guka na vidole vyake.

Kadenge alifariki Nairobi Jumapili, Julai 7, 2019, akiwa na miaka 84. Harambee Stars walikuwa wamelazwa 3-0 na Senegal jijini Cairo siku sita tu kabla, na hapa Nyeri watu hawakuwa na hamu ya kuzungumzia soka. Siku hiyo walizungumza. Nilimpigia simu baba mdogo siku iliyofuata. Alikuwa amenunua gazeti mjini na kwa mara ya kwanza maishani akakaa kumtazama vizuri mtu aliyeshikiwa waya ule.

"Ni picha ya uso tu," akaniambia. "Miguu hawakuitoa."