Ndege wa tanga mbili: wanaoondoka na wanaofika Aprili

Jumamosi iliyopita niliswali Alfajiri Watamu, nikachukua bodaboda hadi Mida kabla jua halijapanda. Maji yalikuwa yanajaa. Nilisimama mwisho wa daraja la mbao linalopita katikati ya mikoko, na ndege waliokuwa mbali kabisa kwenye tope wakawa wanasogezwa na maji kidogo kidogo, hadi nikawa naona miguu yao bila darubini. Vitwitwi ambao tangu Septemba niliwajua kwa rangi ya jivu walikuwa wamegeuka wekundu, wekundu wa tofali. Waliobaki na ujivu walikuwa wachache.

Rangi hiyo ni tangazo la safari. Ndege haivai kwa ajili yetu. Huivaa kwa ajili ya mwenzi atakayemkuta maelfu ya kilomita kutoka hapa, na akishaivaa, siku zake za kukaa kwetu zinahesabika kwa vidole.

Kila mwaka msimu kama huu hupata ujumbe wa simu kutoka kwa jamaa walioko Ulaya: ndege wameanza kufika, majira ya baridi yamekwisha. Hunichekesha kidogo. Mbayuwayu wanaoshangiliwa huko walikuwa Afrika miezi yote ile, na wengine wa aina hiyo hiyo walikuwa wamejipanga kwenye nyaya za stima barabara ya Malindi, wala hakuna aliyeinua kichwa kuwatazama.

Sisi hatuna majira ya kuchipua. Tuna kaskazi, tuna kusi, na katikati tuna zile wiki ambazo upepo haujaamua, ambazo wazee wa majahazi waliziita tanga mbili, na wengine wakaziita maleleji. Ndege nao wana tanga mbili yao. Aprili ni mwezi ambao wageni wa kaskazi wanafunga mizigo na wageni wa kusi wanapiga hodi, na kwa wiki chache unaweza kuwakuta wote ndani ya siku moja, ukiwa na nauli ya matatu na subira. Msomaji anayetaka kuwaona, haya hapa ninayoyajua baada ya miaka kadhaa ya kuwafuata.

Nianze na wanaoondoka, kwa sababu wao hawatatungoja. Mida ni mkono wa bahari ulioingia nchi kavu kusini mwa Watamu, ndani ya hifadhi ya bahari, na ni sehemu ya eneo la Malindi na Watamu ambalo UNESCO ililiorodhesha mwaka 1979. Maji yakipwa huacha uwanja mpana wa tope, na tope lile ni meza iliyoandaliwa: minyoo, kaa wadogo, konokono. Kitwitwi mwekundu niliyemtaja ni yule mwenye mdomo mrefu uliopinda kidogo kuelekea chini. Anazaliana kaskazini ya mbali ya Siberia, zaidi ya kilomita 8,000 kutoka Mida. Karibu naye utamwona ndege mnene zaidi, mwenye macho makubwa meusi, ambaye hukimbia hatua chache, akasimama, akadona. Miezi mingi ni wa kijivu mtupu, lakini Aprili uso, kifua na tumbo huwa vyeusi ti, kama aliyechovya kwenye wino. Naye ni wa Aktiki. Wale wadogo wenye kifua cha rangi ya kutu wanakwenda Mongolia na milima ya Asia ya kati. Sululu, mwenye mdomo kama upinde, wengi wetu tunamjua hata kwa sauti. Huyo hupiga mluzi mfululizo akiruka, na watoto wa pwani wamemwiga tangu zamani.

Ninayempenda kuliko wote, na nakiri upendeleo, ni mla kaa. Ni ndege mweupe mwenye mgongo mweusi, miguu mirefu ya rangi ya samawati iliyofifia, na mdomo mweusi mzito kama koleo. Wataalamu wamempa ukoo wake peke yake, maana hakuna ndege mwingine duniani wa kuwekwa naye. Nyumba yake ya uzazi ni visiwa na fukwe za Ghuba, pwani ya Iran na Bahari ya Shamu. Huko huchimba shimo mchangani kama panya, akataga yai moja jeupe ndani, na joto la mchanga likamsaidia kulilea. Akija kwetu kuanzia Agosti huja na mtoto wake, na utamwona kijana mkubwa kama mzazi bado analialia kuombea kaa. Hushinda kwetu kaskazi nzima, kisha mwanzo wa kusi hurudi upande wa Ghuba. Hii ndiyo njia na ratiba ya majahazi ya mababu zetu, na nahodha huyu hajawahi kusimamishwa na forodha.

Tahadhari moja kwa mtazamaji mpya: si wote wanaoondoka. Wale ambao hawajatimiza umri wa kuzaliana, wengi wao hubaki hapa kusi nzima, wakiwa na rangi ile ile ya jivu. Kwa hiyo ukimkuta kitwitwi Julai usiseme amepotea au ni mgonjwa. Ni kijana ambaye zamu yake haijafika.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya niandike. Kabla ya kuondoka, ndege hawa lazima wanenepe. Kitwitwi mwenye gramu hamsini na kitu hupita themanini kabla ya safari, na nyongeza hiyo kwa sehemu kubwa ni mafuta, petroli ya kumvusha jangwa na bahari. Anaipata kwa kula kila maji yanapopwa, usiku na mchana, na kwa kupumzika maji yanapojaa. Mapumziko haya ndiyo tunayoyaharibu bila kujua. Maji yakijaa, hasa ya bamvua, tope lote hufunikwa, na mamia ya ndege hubanana kwenye kipande kimoja cha mchanga au juu ya matawi ya mikoko. Ukiwarusha pale hawana pa kwenda. Watazunguka angani, watatua, watarushwa tena, na kila mzunguko unachoma mafuta waliyoyakusanya kwa siku kadhaa.

Nimeona wavulana wakikimbilia kundi ili waone linavyoruka. Nimeona mbwa walioachiliwa wakifanya vivyo hivyo. Mwaka juzi nilimwona mpiga picha, mtu mzima na vifaa vya bei, akilishushia kundi droni mara tatu ili apate video. Mvuvi mmoja mzee aliyekuwa anashona nyavu karibu nami alitazama yote.

"Shikamoo, babu," nikamwambia.

"Marahaba, mwanangu. Huyo ni rafiki yako?"

"Hapana, simjui."

"Mwambie basi. Saa hii wamelala. Mgeni anayesafiri alfajiri humwamshi usiku."

Nilikwenda kumwambia. Alinijibu kwamba ndege ni wengi. Ni jibu ambalo hata mimi ningelitoa zamani, lakini si kweli kama tunavyodhani. Oktoba 2024 shirika la kimataifa la uhifadhi, IUCN, lilipandisha daraja la hatari la ndege kadhaa wa tope na fukwe. Kitwitwi yule mwekundu na yule mweusi tumbo, wote wawili, sasa wamewekwa kwenye kundi la viumbe walio hatarini kupotea. Sababu nyingi ziko mbali nasi, kama fukwe za tope zilizofukiwa Asia na joto linalobadilisha Aktiki. Mida na Sabaki, lakini, ziko mikononi mwetu.

Sabaki ndiko ninakopeleka wageni wa kusi. Mto unaingia baharini kaskazini kidogo ya Malindi, ukiwa umebeba udongo mwekundu wa bara, na udongo huo umejenga mafungu ya mchanga na tope ambayo umbo lake hubadilika kila masika. Vuka daraja la barabara ya kwenda Garsen, ushuke upande wa kijiji na kutembea kuelekea baharini. Chukua kijana wa hapo akuongoze, mlipe, na umsikilize anapokwambia usipite kando ya maji, kwa sababu kuna viboko na viboko hawana mzaha.

Utakapofika mlangoni utaona shakwe na ndege wengine wa baharini kwa mamia, lakini tafuta kundi la ndege wa kahawia, wamekaa mchangani wote wakitazama upepo unakotoka, wafupi wa miguu, wenye mabawa marefu kama mbayuwayu mkubwa. Mtazame mmoja kwa darubini: mdomo mfupi wenye wekundu kwenye shina, mstari mweupe chini ya jicho, tumbo jeupe. Huyu ametoka Bukini, yaani Madagaska, ambako ndiko pekee anakozaliana. Hufika kwetu Aprili na kukaa hadi karibu Septemba, na Sabaki ni moja ya sehemu zinazojulikana sana kwa ajili yake. Mchana hukaa tu. Wadudu wakianza kuruka huinuka wote na kuwinda angani, na hapo ndipo utaelewa kwa nini nimemlinganisha na mbayuwayu.

Mgeni mwingine wa kusi hapendi wazi. Ni ndege wa chini mwenye kifua cheupe kilichojaa madoa meusi kama wino uliorushwa kwa kalamu, anayependa majani makavu ya msituni. Huja kuanzia Aprili na kuondoka Oktoba. Anatoka misitu ya kusini, na Rondo kule Lindi ni mojawapo ya sehemu anakozaliana. Idadi yake duniani ni ndogo kiasi cha kutia hofu. Mahali pazuri pa kumtafuta ni magofu ya Gede. Ingia geti linapofunguliwa, kabla mabasi ya wanafunzi hayajafika, usimame kimya karibu na kuta. Sikiliza majani yakipekuliwa. Mara nyingi atakuwa kuku wa mtu au mjusi. Siku moja hatakuwa.

Usiache kuangalia juu pia. Masika yakianza na kumbikumbi wakitoka, huenda ukaona makundi ya vipanga wadogo wenye miguu myekundu wakiwadaka angani. Ni vipanga wa Amur. Wanatoka Afrika ya kusini wanarudi Siberia ya mashariki na kaskazini ya China, na kutoka pembe ya Somalia huvuka bahari moja kwa moja hadi India. Mwaka 2012 makumi ya maelfu yao walinaswa kwa nyavu huko Nagaland, India, kwenye bwawa la Doyang, wakati wa safari yao ya kuja Afrika. Mwaka uliofuata wanakijiji wa hapo wenyewe walikubaliana kuacha, na wakaacha. Walikuwa maskini, na nyama ile ilikuwa na soko.

Kuhusu namna ya kwenda: tazama jedwali la maji kabla ya kutazama saa. Mida ni nzuri saa mbili kabla ya maji kujaa kabisa, wakati ndege wanasukumwa karibu nawe. Ukichelewa utakuta bahari tupu. Kaa kwenye daraja au kibanda cha kutazamia, vaa nguo zisizong'aa, na ukiona kundi limeinua shingo wote kwa pamoja, umekaribia mno, rudi nyuma. Kuna ada ndogo ya kuingia. Kwenye mpango wa shirika la A Rocha Kenya ulioanza mwaka 2001, mapato ya namna hiyo husaidia kulipia karo ya sekondari watoto wanaotoka pembezoni mwa msitu wa Arabuko-Sokoke, kwa hiyo msimnung'unikie anayekata tikiti. Ukiwa na simu, weka unachokiona kwenye ramani ya ndege ya Kenya, ambayo tangu 2013 inakusanya taarifa za watu wa kawaida kwa vipande vya nchi vya kilomita tisa kwa tisa. Vipande vingi vya kaskazini ya pwani vina taarifa chache mno, na wenye macho ya huko ni sisi.

Na ukimkuta ndege mwenye pete mguuni, andika namba, tarehe na mahali, uzipeleke Makavazi ya Kitaifa Nairobi. Hili nalisema kwa deni. Nilipokuwa na miaka kumi au kumi na moja, mimi na binamu zangu tulikuwa mabingwa wa manati. Jioni moja nilimwangusha kitwitwi kwenye tope, na mguuni alikuwa na pete ya bati yenye maandishi. Hatukujua ni nini. Binamu yangu alisema ni ya jini, tukaitupa majini, na ndege tukamchoma tukamla. Alikuwa na mafuta mengi ajabu, tukafurahi. Leo najua mafuta yale yalikuwa ya nini, na kwamba mahali fulani kulikuwa na mtu mwenye daftari aliyemvisha pete ile akingoja habari.

Binamu huyo sasa ana boti Watamu na hupeleka wageni Mida. Wiki jana alinipigia simu kuniambia ameanza kuzima injini maji yakijaa na kupita na pondo upande wa pili wa mchanga wanapolala. Wageni wengine hulalamika kwamba ni polepole. Wala kaa, anasema, wamebaki kama thelathini. Jumamosi hii inshallah tutakwenda pamoja kuwatazama kama bado wapo, kisha mimi nishike njia ya Sabaki.