Siku mukono wa munganga unaleta kifo

Wandugu, wale kati yetu wanaosoma udaktari na uuguzi wanafundishwa kupima mugonjwa, kuandika dawa, kutia sindano. Lakini siku kosa lako mwenyewe limeua mutu, utaongea na nani? Swali hili si la leo.

Turudi Vienna, kule Austria. Hospitali kubwa ya muji ilikuwa na sehemu mbili za kuzalisha: moja ya wanganga na wanafunzi wao, ingine ya wakunga. Mwaka wa 1846, kwa wanganga walikufa wamama zaidi ya 11 juu ya 100. Kwa wakunga hawakufika 3. Wamama wenyewe walijua. Wengine walipiga magoti wakiomba wasipelekwe kwa wanganga.

Mwezi wa tatu 1847, mwalimu mumoja, Kolletschka, alichomwa na kisu wakati wa kupasua maiti, akafa. Rafiki yake Ignaz Semmelweis, munganga kijana, aliona kwamba ugonjwa uliomuua ulifanana na ule wa wamama. Hapo njo alielewa: wanganga walitoka kwenye maiti na kuingia moja kwa moja kwa wazazi, mikono ingali na sumu. Akaamuru wanawe na maji ya klori. Mwezi wa nne vifo vilikuwa vimepita 18 juu ya 100. Mwezi wa sita vilibaki karibu 2.

Kwa kawaida tunaishia hapo, tunapiga makofi. Lakini Semmelweis mwenyewe alipasua maiti nyingi sana. Kupata dawa ilikuwa pia kujihukumu, na alikiri hivyo katika kitabu chake cha 1861. Wakubwa wengi walikataa maneno yake. Kuna waliokuwa na sababu za elimu, kuna waliokuwa na kiburi. Lakini tuseme kweli: kukubali ilikuwa kusema « mimi njo niliwaua ».

Mumoja alikubali. Gustav Adolph Michaelis, profesa wa Kiel, Ujerumani, alipopata habari alianzisha kunawa kwa klori, na vifo vikapunguka. Lakini alikumbuka binamu yake, aliyekufa kisha kuzaa mwaka wa 1847. Yeye mwenyewe alikuwa amemupima. Huzuni ilimushinda. Mwezi wa nane 1848 alijiua. Wale waliokana waliendelea na kazi. Yule aliyekubali ukweli alibaki peke yake nao.

Na hapa kwetu? Mwaka wa 1976, kule Yambuku, Ebola ilipita kwenye sindano. Kila asubuhi wauguzi walipewa sindano tano tu kwa kazi ya siku muzima, wakati mwingine zinasuuzwa tu na maji ya vuguvugu. Watu 280 walikufa kati ya 318 waliougua. Kati ya wafanyakazi 17 wa hospitali, 11 walikufa. Hawakuwa watu wabaya. Walikuwa na sindano tano. Wale waliobaki hai ilibidi waishi na ile habari.

Mwaka wa 2000, munganga mumoja wa Marekani, Albert Wu, alimupa mutumishi wa namna hii jina: muhanga wa pili. Familia zingine za wagonjwa zimelikataa lile jina, na tunazielewa: muhanga wa kwanza yuko kaburini, na wake wana haki ya kuambiwa ukweli. Lakini njo hapo mambo mawili yanakutana. Mutu anayejua atatukanwa na kufukuzwa ataficha kosa, familia haitajua kitu, na kesho mwenzake atalirudia.

Kwa hiyo, wandugu mulio kwenye staje: mwenzako akitoka zamu ya usiku bila kusema neno, usianze na « ulifanya nini? » Kaa karibu naye kwanza. Kisha mwende pamoja kwa mukubwa wa kazi, museme yote.